Vidonge vya Mama na wadudu wa tumboni

Saa kumi na moja alfajiri simu inaita, naangalia, Mama. Ukiwa na mzazi mgonjwa simu ya saa hizo inakupasua moyo kabla hujaipokea. Nikapokea, ananong'ona, hataki Baba asikie. "Mwanangu, mkojo wangu umekuwa rangi ya chungwa. Rangi ya Fanta kabisa. Nadhani figo ndo zimekufa."

Nikamuuliza ameanza dawa gani mpya, akasema vile vidonge vikubwa vya njano alivyopewa kliniki wiki ile. Kulivyokucha nikampigia daktari, akasema mwambie Mama atulie, ni ile sulfasalazini ya ugonjwa wake wa viungo, huwa inapaka rangi mkojo, kuna watu hata machozi yanakuwa ya njano, anywe maji ya kutosha na asiache dawa. Basi tukapumua. Ila tulivyorudi kliniki mwezi uliofuata daktari akatuambia kitu ambacho mi sijakitoa kichwani mpaka leo. Alisema hiyo dawa ukiimeza inakuwa imefungwa, ni dawa mbili zilizounganishwa pamoja, na mwili wako wewe binadamu huna uwezo wa kukata hicho kiungo kilichozishika. Wanaokikata ni bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana. Mama akamwangalia. "Wadudu? Wa tumboni kwangu mimi?" Daktari akasema ndio mama, wa tumboni kwako, bila wao sehemu kubwa ya hiyo dawa ingetoka kama ilivyoingia.

Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa kusoma hivi vitu usiku usiku, na nimeona niandike, maana najua kuna watu wengi wana mama kama wangu, au dada mwenye lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili, au wao wenyewe, na wanalishwa maneno mengi kuhusu tumbo, mengine ya kweli na mengine ya kuua.

Nirudi nyuma kidogo. Mama alianza na chupa ya chai. Asubuhi moja nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, chupa kaibana katikati ya magoti, anazungusha mfuniko kwa viganja vyote viwili na haufunguki. Nikaifungua mimi kwa vidole viwili. Hakusema kitu, akamimina chai yake, na mimi nikaondoka kwenda kazini nikasahau. Hiyo kusahau ndo inaniuma. Baadae vidole vikavimba, vya mikono yote miwili kwa mpigo, vile vifundo vya katikati, na asubuhi mikono inakuwa imekakamaa saa nzima na zaidi mpaka ailoweke kwenye beseni la maji ya moto ndo inalegea, hawezi kukamua dekio, hawezi kufunga vifungo vya blauzi ya kwendea kanisani. Zahanati ya kwanza wakasema taifodi, akanywa dawa za taifodi. Ya pili wakasema gauti, aache nyama na maharage, akaacha. Ya tatu wakasema ni umri. Umri gani jamani, alikuwa na miaka 52! Ilipita zaidi ya miaka 2 mpaka tukafika kwa daktari anayeyajua haya magonjwa, akamshika kidole kimoja kimoja akakibonyeza taratibu, akaagiza vipimo vya damu na picha za mikono, na majibu yalivyorudi akasema hii ni baridi yabisi yenyewe, na haijaletwa na baridi, wala na kufua alfajiri, wala na maji ya kisima. Ni kinga ya mwili wako inakupiga wewe mwenyewe.

Mimi hilo nililielewa kwa sungusungu. Waliokulia vijijini wanajua, sungusungu wakipita usiku watu wanalala kwa amani, mwizi akiingia anakamatwa. Ila kuna usiku wanamkuta mtoto wa jirani anatoka msibani, hawamtambui, kelele zinapigwa, na kabla hajasema ni mtoto wa nani ameshavunjwa mkono. Ndo baridi yabisi hiyo, ndo lupasi, ndo kisukari cha utotoni kile cha aina ya kwanza. Walinzi wapo na nguvu wanazo, tatizo hawamtambui mwenyeji.

Na mwilini yupo mtu kama mjumbe wa nyumba kumi, anayetakiwa asimame katikati aseme huyu namfahamu, mwacheni. Wanaitwa seli T dhibiti. Mwaka 2025 Nobeli ya tiba walipewa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kazi yao juu ya hizi seli, jinsi zinavyowazuia walinzi wengine wasiuvamie mwili. Sasa swali linalonikosesha usingizi ni hili: huyu mjumbe anafundishwa wapi kuwatambua watu wa mtaa? Wengi wanaanzia kwenye tezi ya thaimasi kifuani, ila wengine wanafundishwa tumboni.

Fikiria utumbo ulivyo. Ukuta wake kati ya chakula na damu ni safu moja tu ya seli, na juu yake umepakwa ute. Upande mmoja wa huo ukuta wapo bakteria, upande wa pili zimejazana seli nyingi za kinga. Bakteria ni wengi kiasi gani? Watafiti wa Israeli walipiga hesabu upya mwaka 2016 wakapata kama trilioni 38 kwa mtu mzima wa kawaida, wakati seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30, na hao bakteria wote ukiwapima hawazidi sana gramu 200. Nilivyomwambia Mama akasema "robo ya sukari!" Eeh, pungufu kidogo ya robo ya sukari, na hao ndo kinga inashinda nao mchana na usiku ikijifunza yupi wa kumwacha na yupi wa kumpiga.

Ushahidi kwamba wanahusika na viungo ulianzia kwa panya. Wapo panya waliozaliwa na tabia ya kupata ugonjwa wa viungo kama wa Mama, ukiwalea kwenye chumba kisicho na mdudu hata mmoja ugonjwa unapungua sana. Mwaka 2010 watafiti wa Boston wakawarudishia panya kama hao bakteria wa aina moja tu, mrefu kama uzi, anayejishikiza kwenye ukuta wa utumbo, na viungo vikavimba haraka. Mdudu yuko tumboni, kinachovimba ni kifundo cha mguu! Yeye hakusafiri kwenda mguuni, alichofanya ni kuzichochea seli fulani za kinga, na hizo ndo zikasafiri.

Afu ikaja 2013, watafiti wa New York wakapima kinyesi cha watu waliogundulika baridi yabisi karibuni na hawajaanza dawa, wakakuta bakteria anaitwa Prevotella copri kwa asilimia 75 yao, wakati kwa watu wazima wa afya alikuwa kwa kama asilimia 21 tu. Siku hizi wamembadili jina wanamwita Segatella copri ila wengi bado wanatumia la zamani. Mi niliposoma hapo nikasema tayari, mwizi kapatikana, atafutiwe dawa afe Mama apone.

Kumbe haiko hivyo, na hapa naomba tuende pole pole maana ndo penyewe. Huyo huyo Prevotella, na jamaa zake wa ukoo mmoja, wamejaa matumboni mwa watu wa vijijini Afrika. Walishapima watoto wa kijiji kimoja Burkina Faso wakamkuta tele, watoto wa Florence Italia hana kitu. Wahadza wa kule Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi na ubuyu na asali na nyama ya kuwinda, nao wanaye. Sasa kama yeye ndo mwizi mbona vijiji vizima havijapinda vidole? Wanaosoma vinasaba vyake wanasema jina hilo moja lilikuwa limefunika koo kadhaa zinazotofautiana, watu wasiokula kizungu wanabeba koo nyingi kwa pamoja, wa Ulaya na Marekani wanabeba chache au hawana kabisa. Kwa hiyo jina la bakteria peke yake halimhukumu. Inategemea ni wa ukoo gani, anaishi na akina nani, anakula nini, na mwenye tumbo amezaliwa na jeni zipi, na hata hizo jeni hazitoshi maana pacha wa kufanana kabisa mmoja akipata baridi yabisi mara nyingi mwenzie anabaki mzima.

Namna wanavyoweza kuleta fujo zipo zaidi ya moja. Ninayoipenda kwa sababu inaeleweka ni ya sare. Harusini mkishona kitenge kimoja, mtu akiulizwa nani kamwaga soda atasema yule mwenye kitenge cha kijani, na wenye kitenge cha kijani mko arobaini. Watafiti wa Marekani walikuta vipande vya protini za Prevotella vinafanana na vipande vya protini zilizoko kwenye viungo vya wagonjwa, kwa hiyo kinga inaweza kuanza kwa kumkamia bakteria ikaishia kupiga kila mwenye sare ile. Nyingine ni ya kutoroka. Mwaka 2018 watafiti wa Yale walionyesha kuwa kwa panya wenye tabia ya lupasi kuna bakteria anaitwa Enterococcus gallinarum anavuka ukuta wa utumbo anafika mpaka kwenye ini, kinga ikimkuta huko inaripuka, wakampata pia kwenye ini la baadhi ya wagonjwa wa lupasi. Na kuna ya mdomoni, bakteria wa fizi anaitwa Porphyromonas gingivalis anabadilisha protini kwa namna ileile ambayo kinga ya mgonjwa wa baridi yabisi inaichukia, ndo maana daktari wa Mama alimuuliza kuhusu fizi zinazotoka damu kabla hajamuuliza chochote cha chakula, na mi nikajiuliza fizi na vidole wapi na wapi.

Ila kuna upande wa pili wa hao wadudu, upande wa wema, na huu watu hawausemi sana. Ukila maharage, magimbi, mboga za majani, ndizi, dona, kuna makapi ambayo wewe huwezi kuyameng'enya, yanashuka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanayachachusha wanatoa asidi fulani ndogo, mojawapo inaitwa butireti. Hiyo butireti ndo chakula cha seli za ukuta wa utumbo, na mwaka 2013 watafiti kadhaa, wengine Japani wengine Marekani, walionyesha kwenye panya kwamba inasaidia kuzaliwa kwa zile seli T dhibiti. Yaani mjumbe wa nyumba kumi analishwa na maharage! Na Mama alishaambiwa aache maharage kwa gauti ambayo hakuwa nayo, mwaka mzima na zaidi. Nikikumbuka hilo nakasirika.

Sisi nyumbani ni Kibosho, kwa hiyo huu utafiti unaofuata niliusoma kama barua ya kutoka kwetu. Watafiti wa hospitali ya KCMC pale Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud Uholanzi waliwachukua vijana wa kiume 77 wenye afya, wa kijijini na wa mjini, wakatoa majibu 2025 kwenye jarida la Nature Medicine. Wa kijijini waliozoea chakula cha asili wakapewa chakula cha kizungu kwa wiki 2. Wa mjini waliozoea vya kizungu wakapewa chakula cha asili wiki 2, na wengine wa mjini wakapewa mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kwa wiki 1. Wiki 2 tu! Wale wa kijijini protini za uvimbe kwenye damu zikapanda na seli zao za kinga zikawa zinaitikia vijidudu kwa udhaifu kuliko mwanzo. Wale waliorudi kwenye chakula cha asili, na wale wa mbege, dalili za uvimbe zikashuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadae.

Nilimsomea Mama kwenye simu nikiwa natafsiri, akafurahi kama kasikia wamemtaja yeye. Kesho yake shangazi zangu wote wanazo habari na shangazi mmoja kashapiga simu kwamba wanampikia mbege, aje apone. Ikabidi niwe mkali, na sio kawaida yangu kuwa mkali kwa shangazi. Kwanza wale walikuwa vijana wazima, hakuna aliyekuwa na baridi yabisi, utafiti haukusema mbege inatibu viungo. Pili Mama anatumia methotreksati, dawa ya kuituliza hiyo kinga, mara moja kwa wiki, kila Jumapili jioni, na hiyo dawa inalibana ini kiasi kwamba kila baada ya muda lazima apime damu, ukiongeza pombe juu yake unalichosha ini mara mbili, na mbege ni pombe hata kama imetengenezwa na bibi yako kwa ndizi na ulezi. Shangazi akanuna. Nikamwambia shangazi, mpikie kiburu, mpikie mtori, mchemshie mnafu, hivyo ale mpaka achoke. Akakubali. Kiburu kikaja mpaka Dar kwenye ndoo kwa basi.

Sasa niseme lililonifanya niandike kwa uchungu. Kabla ya sulfasalazini, wakati Mama yuko kwenye methotreksati peke yake na amepata nafuu ya nusu nusu, kuna mtu anayeuza dawa mtandaoni alimpata kupitia kundi la wasapu la akina mama. Akamwambia magonjwa yote ya viungo yanatoka tumboni, ana sumu kwenye utumbo, anahitaji kusafishwa, dozi shilingi 120,000, na wakati wa kusafisha asitumie dawa za hospitali zinagongana. Mama hakutuambia. Aliuza kuku. Siku 9 za kuhara, afu wiki ya tatu magoti yakavimba yote mawili na mkono wa kulia hauwezi kushika kijiko, nikamlisha uji mimi mwenyewe, mama aliyenilisha mimi. Daktari akasema uvimbe ukiachiwa hivyo unatafuna mfupa, na kilicholiwa hakirudi. Kidole cha pete cha kulia kimepinda toka pale na ndo kimebaki hivyo.

Kinachoniumiza ni kwamba huyo muuzaji alianza na ukweli. Tumbo linahusika, kweli linahusika. Ila kuharisha mtu wiki nzima ni kuwafukuza hata wale wanaolisha ukuta, ni kuchoma mtaa mzima kwa sababu unahisi kuna mwizi. Hata wenye maabara na pesa wamejaribu njia nzito kuliko hiyo wakagonga mwamba. Denmaki walichukua wagonjwa 31 wa viungo wenye ile aina inayoambatana na soriasisi, ugonjwa wa ngozi, nusu wakawekewa kinyesi cha watu wenye afya utumboni kuwabadilishia bakteria, nusu wakawekewa kitu kisicho na kitu, majibu yakatoka 2021: waliowekewa kinyesi, 9 kati ya 15 ugonjwa uliwashinda ikabidi waongezewe matibabu, wale wengine ni 3 kati ya 16. Yaani waliofanyiwa hawakuwa afadhali, walikuwa vibaya zaidi. Mi siwalaumu, walijaribu kwa uwazi na wakasema walichokiona. Ila kama wao hawajaweza, mtu wa chupa ya 120,000 ameweza wapi? Tafadhali, mzazi wako akiambiwa aache dawa ili asafishwe, msimamishe.

Na kuna hii imani kwamba haya ni magonjwa ya wazungu. Ina historia. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyefanya kazi Ibadan Nigeria, aliandika kwamba haya magonjwa aliyaona kwa nadra sana hospitalini kule, akafikiri huenda malaria na minyoo vinaishughulisha kinga isipate nafasi ya kujipiga yenyewe, na kweli baadae akaonyesha panya wenye tabia ya lupasi wakiambukizwa malaria ugonjwa unapungua. Ni kazi nzuri na watu bado wanaifuata. Ila nadra siyo hakuna, na vijiji vya 1968 sio Dar ya leo yenye chipsi kila kona. Mama alipita zahanati tatu na hakuna aliyeguswa na wazo kwamba huyu mwanamke anaweza kuwa na ugonjwa wa kinga.

Hiyo sulfasalazini yenyewe nimekuja kujua ilitengenezwa na mwanamke, daktari Nanna Svartz wa Stockholm, ambaye mwaka 1937 alikuwa mwanamke wa kwanza Sweden kuwa profesa wa chuo cha serikali. Yeye aliamini baridi yabisi inaletwa na bakteria, akataka dawa inayoua vijidudu iungane na dawa inayotuliza maumivu ya viungo, ndo wakaziunganisha. Miaka ya 1970 mwanzoni ndo watafiti wakapima panya wasio na bakteria kabisa, wakaona dawa inapita nzima haijakatwa. Kwa hiyo dawa iliyotengenezwa kwa nia ya kuwapiga bakteria ikawa inawategemea haohao ili ifunguke. Hilo nikilifikiria nanyamaza kabisa.

Mama kwa sasa ana nafuu. Sijasema kapona, hii haiponi hivyo, ila vipimo vya uvimbe vimeshuka na asubuhi mikono inalegea ndani ya dakika ishirini. Sijui niseme ni methotreksati, au sulfasalazini, au kiburu, au fizi alizotibiwa, dozi zake hajaruka hata moja toka yale ya kusafishwa. Juzi Jumamosi nilimkuta jikoni anamenya ndizi mshare za mtori, kisu mkono wa kulia na kile kidole kilichopinda kimekaa pembeni, anamenya taratibu, sufuria imejaa maji, maganda yanadondoka kwenye beseni lilelile la kulowekea mikono. Tukala. Akamaliza, akatoa vidonge vyake viwili vya njano kwenye kile kimfuko, akaviweka kiganjani akaviangalia, akameza na maji, afu akajishika tumbo kwa mkono mzima akasema polepole, kama anaongea na watoto:

"Haya, nimeshawapa chakula. Fungueni."